Kumtengenezea Mbwa Vitafunwa Nyumbani: Yaliyonigharimu na Yaliyonifaa

Nilianza kumpikia mbwa wangu vitafunwa kwa sababu ya bei, wala si kwa mapenzi ya kupindukia kama majirani walivyodhani. Simba ni mbwa wa kawaida wa Dar es Salaam, chotara wa mbwa koko na mbwa mwingine ambaye hakuna aliyemfahamu vizuri, na tuliachiwa na familia iliyohama mtaa wetu wa Mbezi akiwa ameshazoea kufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Alikuwa mlinzi hodari lakini hakuwa msikivu: akiitwa haji, na geti likiachwa wazi anatoka na kuzurura mpaka njaa imrudishe. Kijana mmoja anayefundisha mbwa wa ulinzi, ambaye nilimlipa kwa saa chache tu, alinieleza kwamba mbwa wa namna hiyo hafunzwi kwa fimbo, bali kwa vipande vidogo sana vya chakula anachokipenda, akipewa papo hapo kila anapofanya alichoambiwa, mara nyingi kwa siku. Nikaenda supamaketi kutafuta vitafunwa vya mbwa. Pakiti ya gramu 100 iliyotoka nje ya nchi ilikaribia bei ya kilo nzima ya nyama ya ng'ombe, na kwa kasi ambayo Simba alihitaji kutuzwa isingefika mwisho wa juma.

Kwetu mbwa hula ugali, dagaa na makombo ya mezani, hivyo sikuwa na mtu wa karibu wa kumuuliza jinsi ya kutengeneza kitu ambacho wengi hawajawahi kukihitaji. Maelekezo niliyoyasoma yalitoka nchi za mbali, yakidai vifaa vya kukaushia ambavyo sina na vyakula ambavyo sokoni Buguruni havipatikani. Nilidhani ugumu ungekuwa kwenye mapishi yenyewe. Mapishi yaligeuka kuwa sehemu nyepesi kuliko zote. Kilichonisumbua, na kilichonila fedha, kilikuwa kununua kabla ya kupika na kukausha baada ya kupika.

Nianze na kununua. Mara ya kwanza nilipofika buchani na kuomba maini, nikaongeza kwa kujieleza kwamba ni ya mbwa, mwenye bucha aliliacha ini lililoning'inia mbele yake, akainama chini ya meza.

"Mama, ungesema mapema. Ya mbwa yapo huku."

Alichotoa kilikuwa ndoo ya vipandevipande vya maini, bandama, mafuta na ngozi, vilivyokuwa vimekaa tangu asubuhi bila barafu, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Nilivinunua kwa furaha. Vilipochemka nyumbani, harufu ilinilazimisha kuzima jiko na kufukia kila kitu nyuma ya ua. Kuanzia hapo niliziona ndoo kama hiyo kila mahali sokoni: kuna dagaa wa mbwa, ambao ni mabaki ya chini ya gunia yenye mchanga; kuna unga wa mbwa, ambao ni wa mahindi yaliyolowa; kuna hata mayai ya mbwa, yaliyopasuka na kulala. Kinachouzwa kwa ajili ya mbwa ni kile ambacho mtu amekikataa, na mtu huwa hakikatai bure. Sasa nanunua kile ninachoweza kukila mwenyewe, nakinunua kidogo, na swali la nani atakila silijibu mpaka nimeshalipa.

Maini nayachagua kwa macho na kwa vidole. Ini zuri lina uso laini unaong'aa, rangi moja ya kahawia iliyoiva, na halinuki isipokuwa harufu ya damu mbichi. Nikiona mirija iliyovimba na kuwa migumu na myeupe ndani yake, au minyoo bapa ya rangi ya kijivu ikitoka kisu kinapopita, naliacha, hata kama muuzaji anasema moto utamaliza kila kitu. Uvimbe uliojaa maji, unaoonekana kama vipovu kwenye ini au kwenye pafu, ndio wa kuogopa zaidi, kwa sababu unaweza kuwa na viluwiluwi vya tegu. Mbwa akila kiungo chenye uvimbe huo kikiwa kibichi, tegu hukua kwenye utumbo wake, mayai yake hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza kwa mikono michafu au kwa mboga isiyooshwa, uvimbe uleule huota kwenye maini au mapafu yake. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, imetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi wa maradhi hayo duniani, na yamekutwa pia kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, mahali ambapo mbwa huwa karibu sana na watu na machinjo ya nyumbani. Ndiyo maana nanunua nyama iliyopimwa na kupigwa mhuri, simpi Simba kiungo kibichi hata kipande kimoja, na kila ini au pafu linalofika kwangu huchemka kwa nusu saa nzima, nikihesabu tangu maji yalipoanza kutokota. Daktari wa mifugo aliongeza dawa ya minyoo kwa ratiba, na akaniambia kwamba kuchemsha hakuondoi haja ya dawa.

Dagaa walinichukua muda kuwaelewa, ingawa nimewala maisha yangu yote. Nilianza na dagaa mchele wa pwani kwa sababu wanapatikana kirahisi na Simba aliwashangilia, ila akawa anakunywa maji bakuli baada ya bakuli na kukojoa barazani usiku. Dagaa hao huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na mbwa anayepewa kiganja kizima anakula chumvi nyingi kuliko anavyohitaji. Dagaa wa Mwanza hukaushwa kwa jua bila chumvi, lakini wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo huwa nawapepeta, nawaosha kwa maji mawili au matatu ya vuguvugu, kisha nawachemsha kidogo na kuwakausha upya. Dagaa wa Kigoma ni safi zaidi na ni ghali zaidi. Nikiwa na fedha nanunua hao, maana kazi ya kuosha mchanga ina gharama yake pia, hasa nyumba yenye maji ya kununua kwa ndoo.

Kuhusu unga nitasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa mazoea yetu hapa ni mabaya. Mahindi yaliyoota ukungu tunayatenga na kusema yatamfaa mbwa au kuku. Ukungu wa aina fulani unaoota kwenye mahindi na karanga hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa wala kuokwa. Ni sumu hiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na Kenya ilishapoteza zaidi ya watu 100 katika mkasa wa mwaka 2004. Mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru haraka: huacha kula, hutapika, macho na fizi hugeuka manjano, na wakati huo ini huwa limeshaharibika. Unga wa dona uliokaa muda mrefu kwenye mfuko wa nailoni jikoni siutumii kwa mtu wala kwa mbwa. Karanga nazichambua moja moja, nikitupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye uchungu, ndipo nazikaanga na kuzisaga mwenyewe, bila chumvi na bila sukari.

Kabla ya jiko kulikuwa na suala la nyumba na mtaa. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani ni mtu wa Tanga aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, hata chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Aliponiona nikitafuta sufuria hakusema kitu, ila alizihamisha za chakula chetu zote hadi kabati la juu. Kesho yake nilinunua sufuria ya aluminiamu, ubao wa kukatia, kisu, mwiko na ungo, nikavipaka alama ya rangi nyekundu mpinini na kuviweka banda la nje pamoja na jiko lao. Chakula chenyewe hakikuwa na tatizo kwake, kwa kuwa ni nyama ya bucha ileile tunayokula sisi. Tatizo lilikuwa vyombo kuchanganyika baada ya mbwa kuvikaribia. Tangu vitenganishwe amekuwa mwepesi kunisaidia kukata viazi kuliko mimi mwenyewe. Anayeishi na watu wa imani tofauti na afikirie vyombo kabla ya kufikiria mapishi, kwani gharama yake ni ndogo kuliko kununiana jikoni mwaka mzima.

Maneno ya majirani yalikuwa mazito zaidi. Mama mmoja wa jirani, ambaye namheshimu na aliyeniuguzia watoto, alisimama getini akinusa maini yanayochemka, akauliza ni mgeni gani anakuja. Nilipomwambia ukweli alicheka kwanza, kisha akanyamaza, halafu akasema kwa upole kwamba kuna watoto mtaani hawajaonja ini tangu sikukuu. Nilikosa la kujibu. Nilifikiria kuacha, na kwa muda nikaacha. Kilichonirudisha ni kwamba Simba alikuwa ameanza kuja anapoitwa, na mbwa wa ulinzi asiyesikia ni hatari kwa watoto haohao wanaopita getini. Lakini kuanzia hapo nilipunguza maini, nikahamia kwenye mapafu ambayo wapishi wengi hawayagombanii, na nikakata vipande vidogo kuliko nilivyokuwa nimezoea.

Pafu ni nyama ya ajabu kwa asiyewahi kulipika zima. Limejaa hewa, kwa hiyo huelea juu ya maji hata ulisukume vipi, na hewa inapopata moto hutoka kupitia koromeo ikivuta povu la kijivu linalofurika na kuzima mkaa. Nililikandamiza kwa kifuniko, nikaweka jiwe juu, povu likatafuta njia pembeni. Dawa yake ni kulikata vipande vinne au vitano kabla ya kulichemsha, kutumia sufuria inayoonekana kubwa mno, kulichemsha dakika chache na kumwaga maji ya kwanza pamoja na povu lake, kisha kuweka maji mapya na kuanza kuhesabu ile nusu saa. Likishapoa hunyauka, linashikika, na kisu hupita kirahisi. Nalikata vipande vyembamba visivyozidi nusu sentimita, nikiondoa mirija migumu ya koromeo. Maini pia nayakata baada ya kuchemka, maana ini bichi linateleza na vipande huwa vinene upande mmoja, na ule unene ndio utakaobaki na maji wakati kwingine kote kumeshakauka.

Sasa kukausha, ambako ndiko nilikopoteza zaidi. Nilianza kwa jua, kama mama zetu wanavyoanika mboga na samaki. Siku ya kwanza niliweka ungo juu ya paa la banda, nikaingia ndani kujibu simu, na niliporudi kunguru walikuwa wameupindua. Anayeishi Dar es Salaam anawajua kunguru hawa: hawaogopi kofi wala jiwe, na mmoja akishaona nyama huita ukoo mzima. Nikafunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu nilichokiosha, nikakibana pembeni kwa vibanio vya nguo, na hapo kunguru na nzi wakashindwa. Unyevu haukushindwa. Wakati wa kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, vipande vyembamba vya pafu vilikauka vizuri kwa siku mbili za jua kali mradi niliviingiza ndani kabla ya magharibi. Masika ilipofika, hewa ya pwani yenyewe ilikuwa na maji, na nyama niliyoianika asubuhi ilikuwa laini zaidi jioni kuliko ilivyokuwa mchana. Niliifungia kwenye mtungi wa plastiki hivyohivyo, nikidhani itamalizikia humo. Baada ya siku chache kifuniko kilifunguka kwa harufu ya kuchacha, na vipande vya katikati vilikuwa na manyoya ya kijani na meupe. Nilitupa kilo mbili za maini siku hiyo. Kukwangua ukungu na kumpa mbwa sehemu inayoonekana safi si kuokoa chochote, kwa kuwa kinachoonekana ni sehemu ndogo tu ya kilichomo.

Kwa hiyo jua sasa nalitumia kusaidia, na moto ndio unaomaliza kazi. Mwenye oveni aiweke kwenye nyuzi 90 hivi za Selsiasi, apange vipande bila kugusana, aache mlango wazi kidogo mvuke utoke, na avigeuze baada ya saa moja. Saa mbili hadi tatu zinatosha kwa vipande vyembamba. Mimi natumia jiko la mkaa, kwa ule utaratibu wa moto juu na chini tunaoutumia kuokea keki na mkate wa kumimina. Chini naacha makaa machache yaliyokwisha kufifia na kufunikwa na majivu, ndani ya sufuria kubwa naweka mawe madogo na juu yake sinia lenye vipande, kisha kifuniko chenye makaa mawili matatu, nikikiegesha kwa kijiti ili mvuke upate njia. Shida ya mkaa ni kwamba hausubiri: ukiongeza moto ili uwahi kwenda kulala, nje kunaungua na ndani kunabaki maji, na ukikipapasa kipande kikiwa cha moto huwezi kutofautisha. Nakitoa kipande kinene kuliko vyote, nakiacha kipoe kabisa, kisha nakikunja. Kikikunjika, bado. Kikikatika kwa mlio, na pale kilipokatika pakawa pakavu mpaka kati, kimeiva.

Hata hapo siamini mara moja. Navimimina vipande vilivyopoa kwenye chupa ya kioo iliyokauka, nafunga, naiacha usiku kucha mahali ninapoiona. Asubuhi kioo kikiwa na ukungu wa mvuke kwa ndani, au vipande vikigandana, vinarudi jikoni. Vikipita mtihani huo, vya kutumia wiki hiyo vinakaa kwenye chupa na vingine vinaingia kwenye friza katika mifuko midogomidogo, ili nisifungue mfuko mkubwa kila siku na kuingiza hewa ya unyevunyevu. Mgao wa umeme umenifundisha kutoitegemea friza kupita kiasi. Nyama iliyokaushwa sawasawa huvumilia friza kuzimika siku nzima, ilhali iliyokaushwa nusunusu inaharibika.

Biskuti ni rahisi kuliko nyama, na kwa asiyependa harufu ya maini ningemshauri aanzie hapa. Nachukua vikombe viwili vya unga wa mtama au wa ulezi, kikombe kimoja cha kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa, yai moja, na supu kidogo ya ile nusu saa ya pafu iliyochujwa, ya kutosha tu kuushikisha unga. Boga linafaa mahali pa kiazi, ila lina maji zaidi, hivyo supu haihitajiki. Haiingii chumvi, sukari, hamira wala bekingi poda. Nasukuma donge liwe jembamba kuliko chapati, nalikata miraba midogo kwa kisu kwa ajili ya mafunzo, na kwa kizibo cha soda kwa ajili ya zawadi ya jioni. Zikishaiva naziacha kwenye sufuria ileile moto ukizimika polepole, kwa sababu biskuti iliyoiva si lazima iwe imekauka, na yenye kiazi huota ukungu upesi sana.

Watu wema hutaka kuongezea ladha, na hapo ndipo hatari huingia, kwa kuwa mapishi yetu mengi huanza kwa kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vimepikwa au vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na madhara yanaweza kuonekana siku kadhaa baadaye akiwa mnyonge, fizi zimepauka na mkojo umekuwa mwekundu. Supu ya mchemsho wa watu, kwa hiyo, haifai hata kama nyama yake imetolewa, na vidonge vya kuongeza ladha vina chumvi na kitunguu kwa pamoja. Chokoleti na kakao zina theobromini ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo. Karanga za makadamia humlegeza miguu ya nyuma. Zailitoli, sukari mbadala inayowekwa kwenye baadhi ya ubani wa kutafuna na vyakula visivyo na sukari, hata baadhi ya siagi za karanga za dukani, hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla, na ndiyo sababu nyingine ya kusaga karanga zangu mwenyewe. Donge la maandazi lenye hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa kileo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, hivyo miguu ya kuku naichemsha kwa ajili ya supu na ngozi tu.

Gunzi la mahindi nalitaja peke yake, kwa kuwa wengi walinishauri nimpe Simba alitafune badala ya vitafunwa vya gharama. Mbwa halitafuni mpaka likawa unga; hulikata mapande na kumeza, na pande hilo halimeng'enywi wala halionekani vizuri kwenye picha ya eksirei. Mbwa wa mtaa wa pili alitapika kwa siku kadhaa kabla ya kufanyiwa upasuaji na kutolewa pande la gunzi kwenye utumbo. Kokwa la embe hufanya vivyo hivyo, na msimu wa maembe watoto huyatupa kila mahali.

Baada ya kufaulu kukausha nilikutana na tatizo la kufaulu, yaani kumpa kupita kiasi. Simba alipata kuharisha kinyesi cheusi na laini kila nilipomzidishia maini, na kwenye mizani ya daktari alikuwa ameongezeka uzito ingawa ugali wake haukuongezwa. Daktari alinipa kipimo ambacho ni rahisi kukishika: vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayokula kwa siku, na kinachoongezwa huku kipunguzwe kule. Mbwa wa kilo 20 anayekula kalori 1,000 hivi kwa siku ana nafasi ya kalori 100, ambazo kwa maini makavu ni gramu 25 tu. Na hata gramu hizo hazifai kuwa za maini kila siku, kwa sababu ini ni ghala la vitamini A, ambayo mwili hauitoi kirahisi, na ikirundikana kwa miezi huharibu mifupa na viungo. Maini yamebaki kwa mambo magumu, kama kurudi anapoitwa huku paka akipita mbele yake. Mapafu ni ya mafunzo ya kawaida, na biskuti ni ya kumlaza. Kipande cha mafunzo hakizidi ukucha wa kidole kidogo. Mbwa huhesabu mara alizopewa, hapimi ukubwa. Mbwa mwenye maradhi ya figo, ya kongosho au kisukari asipewe lolote kati ya haya kabla ya daktari kusema.

Upande wa fedha nitakuwa mkweli, kwa kuwa niliingia kwa ajili ya fedha. Ini ni maji kwa sehemu kubwa: kilo moja niliyoinunua kwa shilingi 12,000 hubaki gramu 300 hivi likikauka. Kilo ya mapafu kwa shilingi 5,000 hubaki gramu 200 au pungufu. Ukiongeza mkaa, vyombo vyenye alama nyekundu, ile ndoo niliyoifukia na zile kilo mbili za ukungu, miezi ya mwanzo ilinigharimu zaidi ya pakiti za supamaketi. Sasa gramu 100 zinaniangukia kwa chini ya nusu ya bei ya dukani, nikichukulia kwamba muda wangu ni bure, nao si bure. Asiye na nafasi ya kukaa karibu na jiko kwa saa tatu afanye hesabu yake upya. Vipande vya kuku aliyechemshwa bila viungo, vikikatwa vidogo na kuwekwa kwenye friji kwa siku mbili au tatu, vinafundisha mbwa vilevile.

Wapo walioniomba niwauzie, na yule mama jirani alikuwa wa kwanza kunishawishi, safari hii akiona humo mtaji. Nimekataa mpaka sasa, kwa sababu chupa ikitoka kwangu siwezi kujua itafunguliwa kwa mkono mkavu au wa maji, wala itakaa wapi wakati wa masika. Badala yake huwaalika banda la nje siku ninayokausha, kwa kawaida Jumamosi, waje na pafu lao na sinia lao, nao hukunja kipande kilichopoa na kusikia wenyewe kama kinakatika.